INJINI ILIYOITWA NYATURU

Miaka 10 ya Chama chetu Kikuu imetimia. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma hesabu za mazao, majina ya vyama vya msingi na salamu za viongozi. Sisi tulioshika kalamu ya Katibu tumeombwa tuandike habari ya historia. Tumefikiri, kisha tukaona si vema kusimulia tena mikutano ambayo ninyi wenyewe mliihudhuria. Tumechagua habari ya chombo kimoja cha chuma kilichopewa jina la watu wa Singida, ambacho wengi wetu hatujapata kukitia machoni. Chombo hicho ni injini ya mvuke nambari 3020, iitwayo Nyaturu.

Huenda msomaji akauliza: injini ya gari la moshi na wakulima wa alizeti wana uhusiano gani? Twamwomba awe na subira. Akifika mwisho wa habari hii ataona kwamba jambo lililoipata reli ya mkoa wetu zamani ndilo linaloweza kulipata ghala letu la ushirika, tusipoangalia.

Njia nyembamba

Reli za kwanza za nchi zetu zilijengwa na wakoloni kwa shabaha zao wenyewe. Wadachi walianza Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911. Waingereza walianza Mombasa mwaka 1896, wakafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, mwaka 1901. Reli ya Kati ilianzishwa na Wadachi Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ndiyo ipitayo Manyoni, mlango wa mkoa wetu.

Njia zote hizo zilikuwa nyembamba. Kutoka chuma hata chuma palikuwa na mita 1 tu, hali reli za Uingereza na za nchi nyingine nyingi zina upana wa milimita 1,435. Njia nyembamba ina faida zake. Huweza kuzunguka kilima kwa kona kali, haihitaji kuchimba wala kujaza udongo mwingi, na madaraja yake huwa madogo. Lakini ina sharti moja gumu: mahali palipolazwa reli nyepesi, injini nzito haiwezi kupita. Uzito wote wa injini hukanyaga chuma kwa njia ya ekseli zake, na kila ekseli ina kipimo chake. Kipimo kikizidi, reli hupinda na mataruma huvunjika.

Hata hivyo, msidhani kwamba njia nyembamba ilikuwa jambo dogo. Kabla ya reli, mzigo wa bara ulikwenda pwani kichwani mwa pagazi. Pagazi mmoja alichukua kiasi cha kilo 30. Garimoshi moja lenye mzigo wa tani 300 lilifanya kazi ya mapagazi 10,000, nalo halikuuguza mabega ya mtu.

Wakubwa wenye sifa

Ukimsikia mtu akisifu injini za mvuke za Afrika ya Mashariki, mara nyingi husifu zile kubwa zilizoitwa Garratt. Jina hilo ni la Mwingereza, Herbert William Garratt, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1907. Yeye alitundika boila moja katikati, juu ya fremu yake, na mbele na nyuma yake akaweka seti mbili za magurudumu na silinda. Hivyo uzito uligawanywa juu ya ekseli nyingi, na injini ndefu iliweza kujikunja kwenye kona. Injini ya kwanza ya namna hiyo ilitengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mwaka 1909, ikapelekwa kisiwa cha Tasmania, kwenye njia nyembamba kuliko zetu. Kenya na Uganda zilipata Garratt zao za kwanza mwaka 1926.

Waliovuma kupita wote ni wale wa daraja la 59, injini 34 zilizotoka kiwanda hicho hicho miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na magurudumu 28, nayo iliweza kuvuta tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, mahali palipo juu zaidi ya mita 1,600. Zilipewa majina ya milima. Mbili kati yake zingali zimehifadhiwa Nairobi, nazo ni Mount Gelai na Mount Shengena, milima ambayo yote miwili iko Tanzania.

Sifa hizo ni za haki. Lakini ekseli ya daraja la 59 ilikanyaga kwa uzito wa tani 21. Injini ya namna hiyo haikuweza kuingia katika njia za matawi zenye reli nyepesi. Haikufika kwenye stesheni ndogo ambapo mkulima alishusha magunia yake. Ilingoja kwenye njia kuu, iletewe mzigo.

Injini za makabila

Basi nani aliyeuleta mzigo huo? Katika njia za Kenya na Uganda, kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na injini za daraja la 24. Zilikuwa zaidi ya 60, zilizotengenezwa katika miaka ya 1920, nazo zilikuwa nyepesi hata kuweza kupita karibu mahali popote penye reli. Hazikupewa majina, nambari tu. Zilizeeka kazini, na baadhi zilikuwa zikivuta mabehewa hata katika miaka ya 1970.

Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja. Shirika hilo lilihitaji injini mpya, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili mizigo iliongezeka na injini zilikuwa zimechoka. Ndipo zikaagizwa injini za madaraja matatu, 29, 30 na 31, zilizopewa majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki. Za daraja la 29 zilikuwa 31, nazo zilijengwa na kiwanda cha North British cha Glasgow kuanzia mwaka 1951. Kiwanda hicho kilijenga pia zile za daraja la 30, jumla yake 26, miaka ya 1955 na 1956. Za daraja la 31 zilikuwa 46, zilizojengwa miaka hiyo hiyo na kiwanda cha Vulcan Foundry, Lancashire.

Daraja la 30 na la 31 ni ndugu. Kila moja ilikuwa na magurudumu 2 madogo mbele, 8 makubwa ya kuvutia katikati, na 4 madogo nyuma chini ya tanuri. Tofauti yao ilikuwa katika kazi. Daraja la 30 liliburuta tenda kubwa, yaani behewa la maji na mafuta, kwa ajili ya safari ndefu katika nchi kavu kama hii yetu ya katikati. Daraja la 31 lilifanywa jepesi zaidi ili liweze kupita juu ya reli nyembamba za matawi bila kuzivunja.

Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimesimama injini tatu za jamii hiyo. Nambari 2921 huitwa Masai of Kenya. Nambari 3123 huitwa Bavuma, jina la watu wa visiwa vya Buvuma katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Na nambari 3020 ndiyo Nyaturu. Nchi tatu, injini tatu, zote zimepanga mstari katika uwanja mmoja.

Kazi ya mtia-moto

Katika kuandaa habari hii tulimwendea mzee mmoja, mwanachama wetu, ambaye katika ujana wake alikuwa mtia-moto wa injini za mvuke. Tulimwamkia, tukakaa chini ya mwembe wake, naye akatueleza kwa utaratibu, maana hapendi jambo lisemwe nusu nusu.

Alituambia kwamba injini hizi hazikula makaa bali mafuta mazito, yaliyopulizwa tanuruni kwa nguvu za mvuke. Kazi ya mtia-moto haikuwa kutupa koleo, bali kutazama. Alitazama kipimo cha maji, kipimo cha mvuke, na zaidi ya yote alitazama moshi. Moshi mweusi ulimaanisha mafuta yanapotea bure; bomba lisilotoa moshi kabisa lilimaanisha hewa imezidi na tanuri linapoa. Moshi mwembamba wa kijivu ndio uliotakiwa. Kila baada ya mwendo fulani alichota mchanga kwa chombo maalumu, akautia kupitia tundu la tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu. Mchanga ulipita ndani ya mabomba ya boila ukiyasugua masizi, nao ukatoka juu pamoja na wingu jeusi. Asipofanya hivyo mabomba yalifunikwa na masizi, moto ukawaka bure na maji yasichemke vema.

Tulimwuliza lililokuwa gumu kupita yote. Hakutaja moto wala jua. Alisema, "Maji, mwanangu. Mafuta tulikuwa nayo. Dereva na mimi tulihesabu stesheni zenye maji kama mtu anayehesabu fedha za mwisho mfukoni."

Kisha tukamwuliza kama ni kweli kwamba injini nzito ndiyo iliyokuwa na heshima. Akacheka. Alisema heshima ilikuwa kufika na mzigo. Injini iliyofika na mabehewa matupu, hata ingekuwa kubwa namna gani, ilikuwa imechoma mafuta ya watu.

Jina bila reli

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililotufanya tuandike habari hii. Injini Nyaturu ilizaliwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950. Wakati huo katika nchi ya Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi, hapakuwa na reli hata hatua moja.

Hapo kwanza ilikuwapo. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilijenga tawi kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Wazee wetu waliona magari ya moshi yakiingia mkoani. Lakini tawi hilo halikuweza kujilipia gharama zake, na katika miaka ya 1940 lilifungwa na chuma chake kikang'olewa. Hivyo injini ilipopewa jina la Nyaturu, jina lilipita Manyoni likaenda zake. Halikuwa na njia ya kuingia nyumbani. Miongo kadhaa baadaye reli ililazwa tena kutoka Manyoni hadi Singida, lakini zama za mvuke zilikuwa zimekwisha.

Wala si Singida peke yake. Kule kusini, katika mpango mkubwa wa karanga ulioanza baada ya Vita Kuu ya Pili, ilijengwa reli ya kwenda Nachingwea. Ilifunguliwa mwaka 1949, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951, kwa sababu waliouanzisha hawakuijua ardhi wala mvua, wala hawakuwauliza wakulima walioijua. Reli ikabaki ikingoja karanga zisizokuja. Mwaka 1962 ilifungwa, nayo ikang'olewa.

Twaomba msomaji atafakari mambo hayo mawili. Tawi la Singida na reli ya Nachingwea hazikufa kwa ubovu wa injini. Chuma hakikuwa na kosa. Dereva hakuwa na kosa. Zilikufa kwa kukosa mzigo. Tena mkulima hakuulizwa wakati wa kuzijenga, wala hakuulizwa wakati wa kuzing'oa. Hakuwa na hisa ndani yake. Hakuwa na mkutano wa kusimama na kusema neno.

Mwisho wa mvuke

Mwaka 1960 shirika la reli lilianza kupata injini kubwa za dizeli kwa njia kuu. Dizeli haikuhitaji maji ya kuchemsha, wala mtu wa kuamka usiku wa manane kuwasha moto ili injini iwe tayari alfajiri. Katika nchi kavu faida hiyo ilikuwa kubwa. Taratibu injini za mvuke ziliondolewa katika njia kuu, zikabaki kwenye matawi na katika kupanga mabehewa stesheni. Mwaka 1977 shirika la pamoja lilivunjika, kila nchi ikaanzisha shirika lake, na Nyaturu ikabaki Kenya. Katika Kenya kazi ya kila siku ya mvuke ilikoma kiasi cha mwaka 1980.

Siku hizi tumeona mapya. Mwaka 2024 treni za umeme, zipitazo kwenye njia pana ya milimita 1,435, zilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Nasi twafurahi. Lakini yule mzee alipopewa habari hiyo aliuliza swali moja tu: "Na mzigo, utatoka wapi?"

Ghala letu

Ndugu wanachama, swali hilo ni letu. Chama Kikuu ni kama ile injini kubwa ya njia kuu. Kina hati, kina ofisi, kinaweza kuzungumza na mnunuzi mkubwa na kuuza shehena kwa bei ya haki. Lakini hakiwezi kufika kwenye kila shamba. Vyama vya msingi ndivyo injini nyepesi za matawi. Havina sifa nyingi, wala picha zake hazitundikwi ukutani, lakini pasipo hivyo injini kubwa husimama stesheni ikichoma mafuta.

Katika mkutano mkuu ujao mtaletewa hoja ya kufunga maghala ya vyama vidogo ambavyo mzigo wake umepungua, ili kuokoa gharama za walinzi na za lori. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Hesabu tumeziandika kwa mkono wetu, nasi twajua kwamba lori lililokodiwa kwa gunia 100 likirudi na gunia 40 hasara ni ya wote. Lakini yatupasa tuulize kwanza kwa nini mzigo umepungua. Alizeti haikupungua mashambani. Imeuzwa mlangoni kwa walanguzi, pengine ingali na maua, kwa bei ambayo muuzaji mwenyewe huona haya kuitaja.

Hapa hatutaki kuwatupia wanachama lawama yote. Sisi watendaji tuna sehemu yetu. Katika msimu wetu wa tatu tulichelewa kuwalipa wakulima, na mtu mwenye mtoto wa kupeleka shule hawezi kula ahadi. Aliyemkimbilia mlanguzi mwaka ule alikuwa na sababu, nasi ndio tuliompa. Mtia-moto akisahau kusugua masizi, asilaumu maji kwa kutochemka. Tangu wakati huo tumejitahidi kulipa mapema, na vitabu vyetu viko wazi kwa mwanachama yeyote atakayetaka kuvitazama.

Rai yetu, basi, ni hii. Tusifunge tawi lolote kabla ya kulijaribu msimu mmoja kamili, wanachama wakileta mzigo wao ghalani na sisi tukilipa kwa wakati. Kama baada ya hapo ghala litakuwa tupu, tutalifunga pamoja, kwa kura, na kila mtu atajua sababu. Maana ghala ni jepesi kufunga na gumu kufungua. Mkoa huu uling'olewa reli, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima mwenye mvi ilipolazwa tena.

Tofauti iliyopo kati yetu na wazee wetu wa miaka ya 1940 ni moja, nayo ni kubwa. Wao hawakuulizwa. Sisi tunaulizwa, na kura ni yetu. Injini Nyaturu ilichukua jina letu pasipo kuuchukua mzigo wetu. Chama hiki kina majina yetu katika daftari lake. Basi na kichukue mzigo wetu pia.

Twawatakieni nyote heri ya miaka 10, mvua za kutosha, na mavuno ya kujaza maghala yote, makubwa na madogo.

Katibu